Kibwa wa Mtoto, Mzigo wa Mzazi

Hapa Kalemie mbwa huingia nyumbani kwa mlango wa watoto. Mjomba ametoka Nyunzu na lori la mizigo, ndani ya kikapu chake kuna kibwa wa wiki sita, na kabla mjomba hajakaa watoto wameshampa jina. Mama anasema, "Mtamlisha ninyi." Baba anaongeza, "Akileta matata nitawauliza ninyi." Basi, wazazi wamekwisha kujitoa. Miezi minne baadaye kibwa amekonda, masikio yamejaa kupe, anashinda sokoni akigombania vichwa vya ndagala, na mtoto wa miaka tisa anachapwa kwa kuwa "mbwa wake" amekula samaki wa jirani.

Nawaandikia wazazi wenzangu wa mji huu kwa sababu naona tumelishika jambo hili kwa upande wa mkia. Mtoto wa miaka tisa hawezi kumiliki mbwa. Mbwa ni wa nyumba, mlezi wake ni mwenye nyumba, na mtoto hugawiwa sehemu ya kazi chini ya jicho la mkubwa. Zaidi ya hapo, vile nyumba inavyomtendea kibwa huyo, mtoto anatazama kutwa. Humo anajifunza jinsi mwenye nguvu anavyomshika asiye na nguvu, na somo hilo hakuna mwalimu wa masomo atakayelifuta kirahisi.

Tumjue kwanza tunayemlea. Mbwa wa asili wa Kongo ni mdogo. Dume ana kimo cha sentimita 43 hivi begani na uzito wa kilo 11, jike hupungua kidogo. Masikio yamesimama, paji la uso lina makunyanzi, mkia umejikunja juu ya kiuno, manyoya ni mafupi na karibu hayanuki. Hujilamba mwili mzima hadi vidole. Habweki kama mbwa wengine. Ana sauti ya kuvuta, kati ya kilio na wimbo, na akiwa mawindoni hunyamaza. Ndiyo maana wawindaji wa Kongo walimvalisha njuga ya mti shingoni, wapate kujua aliko ndani ya majani marefu. Njuga hizo, nyingine zimechongwa kwa ufundi wa kushangaza, leo zimo katika makumbusho ya Ulaya. Mbwa wenyewe walipelekwa Uingereza mwaka 1895, wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Wengine waliopelekwa baadaye walizaa, wakaonyeshwa London mwaka 1937 kwa jina la basenji, na chama cha mbwa cha Marekani kikawatambua katika miaka ya 1940. Kwa kuwa wote walitoka kwa wazazi wachache, magonjwa ya ukoo yaliwaandama, hasa ule wa figo. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani walirudi huku, nchi ikiitwa Zaire, kutafuta damu mpya vijijini.

Mjini Kalemie damu imechanganyika, na si kila mbwa anayelala kando ya reli ana sura hiyo kamili. Tabia lakini inatambulika. Ni mbwa aliyefanywa na uwindaji, kazi ambayo mbwa hutangulia na mtu hufuata, na mbwa huamua njia peke yake. Akishaona panya wa mwitu au kuku wa jirani, sauti yako haimfikii tena. Anampenda mtu wake, ila hamtii kama askari. Akikaa bila kazi atatafuna viatu, atachimba, atapanda ukuta. Anayemwita mkaidi hajamwelewa.

Mbwa mdogo wa kuchunga ana tabia nyingine kabisa. Kaskazini ya Uskoti, katika visiwa vya Shetland, wakulima walifuga mbwa mwenye manyoya marefu, kimo chake sentimita 37 hivi, wa kuwakusanya kondoo na kuwafukuza kwenye mashamba yasiyo na uzio. Huyo hufanya kazi uso wake ukiwa kwa mchungaji. Sauti, mluzi, mkono ulioinuliwa, vyote anavisoma. Hubweka sana, hushtuka upesi, na neno kali humwingia moyoni. Kwetu mbwa wa namna hiyo hatuna. Kwenye nyanda za Marungu kule Moba wanakochungwa ng'ombe, na pembezoni mwa mji wetu ambako watoto huchunga mbuzi baada ya masomo, kazi ya kuzunguka kundi hufanywa na mtoto mwenyewe kwa miguu yake. Kibwa humsindikiza na kumpa moyo.

Nimewaweka hao wawili pamoja kwa sababu waliwahi kuwekwa pamoja kweli, na kilichoonekana siku hizo kinamhusu kila anayelea.

Ilikuwa Bar Harbor, jimbo la Maine, Marekani, katika maabara ya Jackson. Wataalamu John Paul Scott na John Fuller walitumia miaka mingi kulinganisha tabia za mbwa wa aina tano, basenji na mbwa mdogo wa Shetland wakiwemo, na mwaka 1965 walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi hiyo. Mwenzao Daniel Freedman alichukua aina nne kati ya hizo akauliza swali ambalo mzazi yeyote angeliuliza: kudekeza na kubana, kipi kinamfanya mdogo ajizuie? Tangu wiki ya tatu hadi ya nane aliwagawa watoto wa mbwa wa tumbo moja. Nusu walidekezwa, wakachezewa, wakaachwa wafanye watakavyo, wala hawakuadhibiwa. Nusu walibanwa, wakafundishwa kukaa, kungoja na kuja wakiitwa.

Kisha likaja jaribio lenyewe. Kibwa mwenye njaa analetwa chumbani, mbele yake bakuli la nyama. Akigusa nyama, mtu anampiga matakoni kwa gazeti lililokunjwa na kumkemea. Baada ya dakika chache mtu huyo anatoka, anafunga mlango, na kutoka nyuma ya kioo anahesabu muda: itachukua muda gani kibwa aile nyama aliyokatazwa? Siku nane mfululizo.

Basenji walikula. Waliodekezwa na waliobanwa walikuwa sawa: mtu akitoka, nyama inaliwa. Mbwa wa Shetland walikataa nyama siku zote nane, na kwao vilevile waliodekezwa na waliobanwa hawakutofautiana. Pigo la gazeti liliwatosha kuliogopa bakuli hata chumba kikiwa kitupu. Katika aina mbili zilizobaki malezi yalileta tofauti, na tofauti yenyewe si ile ambayo wengi wetu tungeitabiri. Waliojizuia kwa muda mrefu zaidi ni wale waliodekezwa. Freedman alichapisha matokeo hayo mwaka 1958.

Natamani kila mzazi anayesema "mimi nililelewa kwa fimbo na nimenyooka" akae kidogo na chumba hicho. Fimbo ni moja, mkono ni mmoja, kosa ni moja, na mmoja anakula pindi mlango unapofungwa huku mwingine anabaki na njaa siku nane kwa hofu. Yule wa kwanza hakufundishwa chochote isipokuwa kungoja mpigaji aondoke. Wa pili amejeruhiwa zaidi ya kosa lake. Na nyumbani kwetu, katika watoto sita wa tumbo moja, wote wawili wapo. Yupo anayechapwa asubuhi na saa nne yuko tena mtoni Lukuga akiogelea mahali palipokatazwa, na yupo aliyekaripiwa mara moja mbele ya wageni, tangu siku hiyo hasemi mezani.

Msomaji atanijibu kwamba mtoto si mbwa. Ni kweli, na nisingependa mtu atoke hapa akidhani namlinganisha mtoto wa Mungu na mnyama. Mtoto ana maneno, ana dhamiri, anaweza kuelezwa sababu na kuikumbuka miaka arobaini. Lakini hoja hiyo inamlemea anayeishika fimbo kuliko inavyonilemea mimi. Ikiwa hata kibwa, asiyejua neno "kwa nini", hawezi kulelewa kwa kipimo kimoja, mwenye dhamiri atalelewaje kwa kipimo hicho hicho bila kuelezwa? Kumjua yule uliye naye, namna anavyoogopa, namna anavyovutwa, kipi kinamfurahisha, ndiyo kazi ya kwanza ya malezi. Nidhamu inakuja juu yake. Na inakuja kweli; simtetei mzazi anayeacha mambo yajiendee.

Wahenga wa pwani walisema mchezea mbwa humfuata msikitini. Wengi huitumia methali hiyo kumsema mbwa, na mimi naisikia ikimsema mlezi: umemzoesha bila mpaka, usishangae mpaka ukivunjwa mahali pa heshima. Waislamu wa mji huu, ambao wamekuwa kando ya ziwa letu tangu enzi za misafara ya Ujiji, wana mpaka wao ulio wazi. Mate ya mbwa ni najisi, chombo alicholamba huoshwa mara saba na mara moja kwa udongo, na mbwa hakai chumbani. Hata hivyo dini hiyo hiyo imemwachia nafasi mbwa wa kuwinda, wa kuchunga na wa kulinda shamba, na hadithi ya aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana na watoto wa madrasa. Wakatoliki nao, katika Biblia yao, wana kijana Tobia aliyetumwa safari ndefu na baba yake, na mbwa akafuatana naye. Katika nyumba za dini zote mbili mtoto anaweza kufundishwa umbali na huruma kwa wakati mmoja. Bakuli la mbwa liwe lake peke yake, likae nje, na mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapomaliza kumshika.

Kuhusu umri wa kibwa, tunakosea kwa haraka. Yule wa wiki sita aliyetoka Nyunzu kikapuni ameondolewa mapema mno kwa mama yake. Wiki ya nane inafaa zaidi. Lakini kuchelewa nako kuna hasara yake. Huko Bar Harbor waliwahi kuwaacha watoto wa mbwa uwanjani bila kushikwa na mtu mpaka wiki ya kumi na nne, na hao walipoletwa kwa watu walikuwa kama wanyama wa mwitu. Basenji hasa, akiwa na wiki tano, huonekana mkali: anakimbia, anapiga kelele, ukimbana kwenye kona anauma. Akishikwa kila siku kwa upole anatulia upesi kuliko unavyodhani. Anayempiga wakati huo ili "asikue mkali" anaujenga ukali anaouogopa.

Jirani yangu, mama muuza ndagala, anafanya jambo ambalo ningependa liigwe. Jioni, akiisha kukusanya samaki wake waliokauka, anamwita binti yake wa miaka saba na kibwa wao. Mama anakaa kwenye kigoda. Binti anachuchumaa, anamshika kibwa kidevuni, anafunua sikio. "Mama, iko moja." "Usiivute kwa nguvu, Mama. Ishike chini kabisa karibu na ngozi, uivute polepole." Binti anatoa kupe kwa kibano, anamtia ndani ya kikopo chenye mafuta ya taa, kisha anakagua vidole vya miguu asije akawa na funza. Kibwa akichoka akavuta mguu, mama anasema, "Mwache, atarudi," na kweli anarudi. Mwishoni binti anamwaga maji machafu ya bakuli na kutia mapya. Mama hakunyanyua mkono, hakunyanyua sauti, wala hakuondoka. Kama dakika kumi hivi, na katika dakika hizo mtoto amejifunza kwamba mwili wa mwingine una maumivu, na kwamba mwenye kuusaidia lazima asubiri.

Mtoto wa miaka saba anaweza kutia maji na kukagua kupe mkubwa akiwapo. Wa miaka kumi anaweza kumpeleka kibwa matembezi kwa kamba, nje ya barabara ya malori, na kumpa chakula chake: bukari iliyochanganywa na ndagala inamfaa, ila mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vikali, asipewe. Wa miaka minne hapaswi kuachwa peke yake na mbwa yeyote, hata aliyezaliwa humo nyumbani. Dawa ya minyoo, chanjo, na uamuzi wa jike azae au asizae, hayo ni ya mkubwa. Mayai ya minyoo ya mbwa hukaa mchangani ambako watoto wetu hucheza, kwa hiyo dawa anayopewa mbwa ni kinga ya mtoto.

Nafika sasa kwenye kichaa cha mbwa, ambacho ndicho kilichonifanya niandike.

Kila mwaka ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani, karibu wote Afrika na Asia, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, kuogopa maji, kuweweseka, mate kutoka, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, karibu kila mtu anaweza kuokolewa. Mwaka 1885 Louis Pasteur alimchanja mtoto wa Kifaransa wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa na mbwa mara nyingi, akapona. Tangu siku hiyo watu wanajua njia. Kidonda huoshwa papo hapo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, hata kikiwa mkwaruzo tu. Kisha mtoto hupelekwa hospitali siku ile ile, huanza chanjo, na hurudi kwa sindano zote zilizobaki hata akijiona mzima. Pilipili, mafuta ya breki, unga wa betri, majani yaliyotafunwa: visitiwe kidondoni. Upande wa mbwa, chanjo ya kwanza hutolewa akiwa na miezi mitatu, hurudiwa mwaka unaofuata na baadaye kama veterineri atakavyoelekeza. Mji ukichanja mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Virusi vya ugonjwa huu husafiri polepole katika mishipa ya fahamu. Kwa kawaida huchukua miezi miwili au mitatu tangu kuumwa hadi dalili, na ni muda huo unaotuokoa, mradi mtu mzima ajue kwamba mtoto ameumwa. Na mtoto anayejua kwamba akisema atachapwa, kwa nini ulimchokoza, kwa nini ulipita kule, nilikuambia nini, huyo hasemi. Anaosha damu ziwani, anashusha mguu wa suruali, anakwenda kulala. Kidonda kinafunga. Nyumba nzima haijui. Hofu tuliyoijenga kwa fimbo imefanya kazi yake vizuri, na imefunga mlango ambao dawa ilipaswa kuingilia.

Kwa hiyo nasema bila kupunguza maneno: katika mji ambamo mbwa wengi hawajachanjwa, mzazi anayeogopwa kuliko anavyoaminiwa anahatarisha uhai wa mtoto wake. Mwambieni mtoto leo, kabla hajaumwa, kwamba siku akiumwa na mbwa hatapigwa, awe alimtupia jiwe au hakumtupia. Ahadi hiyo itimizeni. Habari ya jiwe mtaizungumza baada ya sindano ya kwanza.

Na habari ya jiwe ipo. Watoto wa mji huu huwatupia mbwa mawe kwa kujifurahisha, na wakubwa hupita wakitazama. Wengi wa watoto hao wameona makubwa: waliokimbia vijiji wakati wa vita vya Watwa na Waluba, waliolelewa kambini Katanika, ambao nyumba zao ziliingiwa na maji ziwa lilipopanda mwaka 2024. Simshangai mtoto wa namna hiyo akitafuta kiumbe dhaifu kuliko yeye. Namshangaa mkubwa anayemwona na asisimame. Kusimama hapo, kuliomba lile jiwe mkononi mwake na kumuuliza jina lake, ni malezi ya mtoto wa mwenzio, na wazee wetu hawakungoja kuombwa ili wayafanye.

Sheria nayo haijatuacha huru. Katika kitabu cha tatu cha sheria za madai za Kongo, kinachotokana na dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 260 kinawabebesha wazazi madhara yanayofanywa na watoto wanaokaa nao. Kifungu kinachofuata, cha 261, kinambebesha mwenye mnyama madhara ya mnyama wake. Vimeandikwa kimoja baada ya kingine, na katika vyote viwili anayeitwa kujibu ni mtu mzima. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba mbwa wa nyumba ni wa mtoto wa miaka tisa.

Limebaki jambo la uzazi. Basenji wa asili hupata joto mara moja kwa mwaka. Wale wa damu iliyochanganyika huweza kupata mara mbili, na mimba huchukua siku 63 hivi. Jike wa nyumba yako akizaa, utakuwa na wiki nane za kufikiri. Watakuja watoto wa jirani, kila mmoja atakuwa amekwisha kuchagua wake na kumpa jina. Usimkabidhi mtoto. Nenda mwenyewe nyumbani kwao, ukae na mama yake au baba yake, umuulize ni nani atakayempeleka kibwa kwa veterineri akifikisha miezi mitatu, na bakuli la maji litakaa wapi. Asipokuwa na jibu, rudi na kibwa wako.